Kadogo, kasikoonekana

Novemba 2006, jijini Dar es Salaam, dereva wa daladala alipigwa risasi ya bastola akafa. Hapakuwa na ujambazi wowote. Palikuwa na foleni, magari mawili na ugomvi wa barabarani, wa aina ile inayotokea kila siku mjini na kuisha kwa matusi mawili matatu. Aliyefikishwa mahakamani alikuwa Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Tabora. Alishtakiwa kwa mauaji, baadaye shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, akapata dhamana, na Aprili 2008 akafariki dunia kabla kesi haijafika mwisho. Mahakama haikupata nafasi ya kusema neno lake la mwisho, na mimi sina mamlaka ya kulisema kwa niaba yake.

Nchi nzima iliizungumza kesi hiyo kwa sababu ya cheo. Mkuu wa mkoa, kwa nafasi yake, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa. Yaani tunazungumzia mtu mzima, kiongozi, aliyezoea kukaa na makamanda wa polisi na kujadili nani ni hatari na nani si hatari. Ukiniuliza mfano wa mtu anayefaa kuaminiwa na bastola, kwenye karatasi ungeniandikia mtu kama huyo.

Nimeirudia habari hiyo kichwani kwa sababu ya swali nililoletewa na mpwa wangu. Yeye ananunua ng'ombe minadani hapa Simiyu: leo yuko Bariadi, kesho Meatu, keshokutwa Itilima, halafu anapakia kwenye fuso kwenda mnada wa Pugu. Ni kijana mtulivu, ana mke na watoto wawili, hanywi. Kwa kuwa mimi nilipitia JKT zile enzi za mujibu wa sheria, kwenye ukoo nahesabiwa kuwa mtu anayejua bunduki. Akaniambia: "Mjomba, nataka kuomba leseni ya mguu wa kuku. Nichagulie. Kadogo, kasikoonekana, ka mtu anayeanza."

Msomaji, ukisikia haraka haraka, hilo ni swali la dukani, kama mtu anayeuliza anunue pikipiki gani. Nimelitafakari kwa wiki kadhaa sasa, na naona kila neno ndani yake limebeba swali la maadili. *Kadogo.* *Kasikoonekana.* *Ka mtu anayeanza.* Naomba tuyapitie, maana nadhani huyu kijana si peke yake, na nadhani wengi wetu tunaoishi mjini na kuandika mambo ya vitabu tuna majibu mepesi mno kwa watu wa aina yake.

Tuanze na upande wake, kwa haki.

Mnunuzi wa ng'ombe anatembea na fedha taslimu. Mzee aliyeswaga ng'ombe watano kutoka kijijini tangu usiku hataki kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mtu asiyemfahamu, anataka noti mkononi. Kila mtu mnadani anajua nani kaja kununua, na anayejua nani kaja kununua anajua pia nani ana fedha. Jioni huyo mtu anarudi kwa pikipiki kwenye barabara ya vumbi, mbuga tupu kushoto na kulia, na kituo cha polisi kilicho karibu kinaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Siraha kwenye mkoa wetu si hadithi ya sinema. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilisambaa, na wizi wa mifugo ukageuka kuwa wa mitutu. Januari 2016, ndani ya Pori la Akiba Maswa, rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa wakati majangili walipoipiga risasi helikopta yake akiwasaka. Magobole yanatengenezwa vichochoroni. Kwa hiyo mtu akisema anaogopa, haogopi kivuli.

Na sheria haimkatalii. Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya mtu kujitetea, yeye na wenzake na mali yake, ilimradi nguvu anayotumia iwe ya kadiri. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni. Anaomba, anaeleza sababu, anapita kwa viongozi wa anakoishi na kwenye kamati za usalama, anafika polisi, anaonyesha kwamba anajua kuitumia. Ni njia ndefu na ya haki. Anayesema "raia wa kawaida hana sababu ya kutaka bastola" hajawahi kurudi nyumbani saa mbili usiku na fedha ambazo nusu yake ni za mkopo.

Basi tuchukue neno la kwanza: kadogo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na mpwa wangu hakulijua. Bastola ndogo ni ngumu kuitumia kuliko kubwa. Tunadhani udogo ni urahisi, kama vile simu ndogo au begi dogo. Kwa bastola ni kinyume. Risasi inapotoka mbele, bastola inasukumwa nyuma kwa msukumo ule ule. Ukichukua risasi ya aina moja ukaipiga kwa bastola yenye nusu ya uzito, bastola hiyo inarudi nyuma kwa kasi mara mbili, na teke lake kwenye mkono linakuwa na nguvu mara mbili. Bastola ya kawaida ya polisi wengi duniani, kama Glock 19, ina uzito wa karibu gramu 600 bila risasi. Bastola ya mfukoni kama Ruger LCP, iliyotoka 2008, haifiki gramu 300. Ndiyo maana hizi ndogo mara nyingi hupewa risasi dhaifu zaidi, na bado zinapiga teke. Mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Mtu anayeanza anapiga mara tano, mkono unauma, anaanza kuogopa mlio kabla haujatoka, anafumba macho, anavuta kifyatulio kwa kushtua. Hapo shabaha haipo tena.

Halafu kuna kulenga kwenyewe. Bastola ina alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele. Kama zimeachana sentimita 15 na ukakosea kwa milimita moja tu, kwenye umbali wa mita 10 risasi inapotea kwa karibu sentimita 7. Kama zimeachana sentimita 10, kosa lile lile linakuwa sentimita 10. Milimita moja ni pumzi ya mtu aliyetulia. Ya mtu anayetetemeka gizani, mbele ya vijana watatu wenye mapanga, haipimiki kwa milimita.

Na umbali wenyewe ni mfupi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio rahisi: mtu mwenye kisu anahitaji muda gani kumfikia mwenye bastola? Akaona kwamba kwa futi 21, yaani mita sita na ushee, inachukua karibu sekunde moja na nusu. Huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa vizuri anautumia kuchomoa na kupiga. Aliyefunzwa. Mpwa wangu atakuwa na kadogo kake ndani ya koti, juu ya pikipiki, mikono yote miwili kwenye usukani.

Kwa hiyo wakufunzi wengi wa fani hii humshauri anayeanza achukue bastola ya wastani, ajifunze kwayo, apige mamia ya risasi kabla hajafikiria ya mfukoni. Kadogo ni chombo cha mtu aliyekwisha kuwa fundi. Hapo ndipo swali la dukani linapoanza kuvuja. Anayetaka silaha anayeweza kuisahau mfukoni, isiyomsumbua kuibeba, isiyomtaka abadilishe shati, anataka silaha isiyomdai kitu. Ilhali hiyo isiyomdai kitu anapoibeba ndiyo inayomdai zaidi anapoifyatua. Gharama haikuondoka, imeahirishwa mpaka saa ile ambayo hana uwezo wa kulipa, na anayeweza kuilipia ni mtoto aliyekuwa amesimama nyuma ya jambazi.

Naliita hili swali la maadili kwa makusudi. Kutojua kulenga si upungufu wa ustadi peke yake, kama kutojua kucheza bao. Ukibeba kitu kinachoweza kuua kwa sentimita kumi za makosa, uzembe wako wa mazoezi ni uamuzi juu ya maisha ya watu ambao hawakuulizwa. Jirani yako ana haki ya kukuuliza: mwezi huu umepiga risasi ngapi za mazoezi? Na hapa Bariadi swali hilo ni gumu zaidi, maana risasi ni ghali, na sehemu ya kufanyia mazoezi kihalali haiko nyuma ya soko la Somanda.

"Lakini Mjomba," aliniambia, "mimi sitaki kumpiga mtu. Nataka tu kuwa nayo. Nikiwa nayo nitatembea na moyo."

Kutembea na moyo. Hapa, ndugu zangu, tumefika kwenye neno kubwa kuliko bastola. Sisi watu wa huku tunakijua kitu kingine kinachovaliwa chini ya shati, kidogo, kisichoonekana, kinachompa mtu moyo. Tunakiita hirizi, au dawa ya kinga. Mkoa wetu una kijiji cha Gambosi, ambacho sifa yake ya mambo hayo imefika nchi nzima, mpaka mtu wa Bariadi akijitambulisha Dar es Salaam anatazamwa mara mbili. Tunacheka, lakini mfanyabiashara mwenye kinga na mfanyabiashara mwenye bastola asiyoifanyia mazoezi wanafanana sana. Wote wawili wamenunua ujasiri. Wote wawili wataondoka mnadani wamechelewa kwa sababu wanajiona wamekingwa. Wote wawili watapita njia ya mkato.

Mtu aliyeisoma tamthiliya ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, hawezi kuliona jambo hili kama mzaha. Maji yale yaliwapa watu wa kusini, katika vita vya 1905 hadi 1907, kitu cha kweli kabisa: umoja na ujasiri wa kusimama mbele ya Wajerumani. Ujasiri ulikuwa wa kweli. Kinga haikuwepo. Na Hussein anatuachia swali zito, kwamba imani inayomwinua mtu inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo inayompeleka mbele ya bunduki kifua wazi. Sisemi bastola ni maji. Bastola inafyatuka. Ninachosema ni kwamba moyo anaoupata mtu kwa kuibeba unakuja siku ya kwanza, na uwezo unakuja baada ya miaka, kama unakuja. Katikati ya siku ya kwanza na miaka hiyo anatembea mtu mwenye moyo mkubwa kuliko mkono wake.

Twende kwenye neno la pili: kasikoonekana.

Hili ndilo lililoninyima usingizi. Mzee wa Kisukuma wa zamani alitembea na silaha. Fimbo, mkuki, upinde, na hakuna aliyemshangaa. Tofauti ni kwamba uliiona. Ukikutana naye njiani ulijua unakutana na mtu wa namna gani, na yeye alijua kwamba unajua. Silaha iliyo wazi inasema na watu: ina heshima zake, inaegeshwa mlangoni unapoingia nyumba ya mwenzio, inaulizwa "vipi leo umebeba mkuki, kuna nini?" Mwenye nayo yuko chini ya macho ya watu muda wote.

Sungusungu walipoanza huku Usukuma na Unyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na pinde na mishale dhidi ya wezi wa ng'ombe wenye bunduki. Kwa hesabu ya chuma kwa chuma wangeshindwa. Walichokuwa nacho ni mwano. Yowe likipigwa kijiji kimoja, linapokewa na cha pili, linapokewa na cha tatu, na mwizi anajikuta anakimbilia mikononi mwa watu ambao hajawaibia. Asiyetoka anapoitwa anatozwa faini. Nguvu yao ilikuwa ya hadharani, na kwa sababu ilikuwa ya hadharani ilikuwa ya wote. Serikali ilikuja kuwatambua kisheria mwaka 1989, baada ya kuona kwamba mifugo inarudi.

Sitaki kuwapamba. Sungusungu pia walipiga watu, walihukumu bila ushahidi, na wapo waliouawa. Vikongwe wa macho mekundu wa Usukuma wameuliwa kwa mapanga na watu waliojiona wanalinda kijiji. Macho ya watu wengi hayazuii dhuluma, wakati mwingine ndiyo yanayoipa ujasiri. Najua. Lakini hata dhuluma ya hadharani ina mashahidi, na mashahidi wanaweza kubadilika, kuona aibu, kusema. Kilichofichwa chini ya shati kina shahidi mmoja tu.

Plato, katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, anasimulia habari ya mchungaji aitwaye Gyges, aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni haonekani. Kwa pete hiyo akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Swali linaloulizwa pale ni hili: ukimpa mwenye haki pete ile na ukampa dhalimu pete ile, je, utaweza kuwatofautisha? Kila nikifikiria bastola ya kificho naifikiria pete ile. Haimfanyi mtu asionekane, lakini inaifanya nguvu yake isionekane. Anaingia dukani, anapanga foleni benki, anabishana bei na mzee mnadani, na katika kila mazungumzo hayo yeye peke yake ndiye anayejua kwamba hawako sawa. Yule mzee anadhani anabishana na mtu. Hajui kwamba kwenye meza kuna kitu cha tatu.

Kuna wanaosema kificho ni adabu. Kwa nini uwatishe watu? Ficha, tembea zako kwa unyenyekevu. Hoja hiyo ina uzito, na katika mji wenye watu wengi naikubali: bastola kiunoni hadharani ni ubabe. Lakini basi tukubali pia kwamba mtu huyo amejitwisha mzigo ambao mwenye mkuki hakuwa nao. Mwenye mkuki alizuiwa na macho ya watu. Mwenye kificho lazima awe macho yake mwenyewe. Lazima, kwa kuwa yeye ndiye anayejua, awe wa kwanza kunyamaza akitukanwa. Akikwaruzwa gari, ashuke, atabasamu, aondoke. Mtu asiye na silaha anaweza kujiruhusu hasira, kwa sababu hasira yake itaishia kwenye ngumi mbili na suluhu ya majirani. Aliyebeba amepoteza haki ya kukasirika. Hasira hasara, tunasema, lakini kwake hasara hiyo ina jina la mtu.

Ndiyo maana nilianza na foleni ya Dar es Salaam. Yaliyotokea ndani ya sekunde zile, nani alisema nini, kidole kilikuwa wapi, hayo yalikuwa ya mahakama. Ninachokiona mimi ni kwamba bila bastola ugomvi ule ungekuwa hadithi ya kusimulia nyumbani wakati wa chakula.

Sasa neno la tatu: mtu anayeanza.

Anaanza nini? Katika kitabu cha kwanza cha *Jamhuri* ile ile kuna mfano mwingine mfupi zaidi. Umeazima silaha kwa rafiki yako akiwa na akili timamu. Baadaye amerukwa na akili, anakuja kuidai. Umrudishie? Kila mtu anajibu hapana, ingawa silaha ni yake. Watu huusoma mfano huo kama habari ya watu wawili. Mimi nauona kama habari ya mtu mmoja katika siku mbili tofauti. Kamati ya usalama itamhoji mpwa wangu wa leo: mtulivu, hanywi, ana sababu. Leseni itapewa huyo. Lakini bastola itakaa nyumbani na watu wengine pia: mpwa wangu wa siku aliyofilisika, wa usiku aliosikia maneno kuhusu mkewe, wa mwaka ambao mtoto amekua na anajua ufunguo uko wapi. Wote hao wana jina moja kwenye leseni, na hawakuhojiwa.

Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti katika jarida la *New England Journal of Medicine*. Waliona kwamba uwezekano wa mtu kuuawa ndani ya nyumba yenye bunduki ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa nyumba isiyo nayo, na waliouana walikuwa hasa watu wa familia na wanaofahamiana. Utafiti huo umebishaniwa sana, na Marekani si Simiyu. Huenda watu wenye hatari ndio wanaonunua bunduki, badala ya bunduki kuleta hatari. Sawa. Lakini hata ukitoa nusu ya hesabu, kinachobaki kinatosha kumfanya mtu akae chini. Tunanunua silaha tukimfikiria mgeni gizani. Mara nyingi mno anayekutana nayo ni mtu tuliyekula naye.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo, akaniuliza swali ambalo ni zuri kuliko hoja zangu: "Sasa Mjomba, wao wakija na panga, mimi niwasomee hicho kitabu?"

Hakuna jibu la kitabu kwa swali hilo. Mtu anayetoa mahubiri ya amani kwa kijana ambaye yeye ndiye atakayekatwa panga anafanya ukarimu kwa shingo ya mwenzake. Kama angeniambia amefikiria yote na bado anaitaka, nisingemwita mtu mbaya. Haki ya kujilinda ni ya kweli, na haifutwi kwa sababu kuitumia ni kugumu.

Nilichomjibu ni hiki, na nakiandika kwa sababu huenda kitamfaa mwingine. Kwanza, punguza kinachotafutwa. Nusu ya fedha ilipwe kwa simu au benki hata kama wazee watanung'unika, na wazee wananung'unika kidogo kila mwaka. Ondokeni mnadani wanunuzi wanne pamoja, pikipiki nne, jua likiwa juu. Hayo hayana fahari, na hakuna anayejisikia mwanaume zaidi kwa kuondoka saa tisa alasiri, lakini ndiyo yanayozuia mkutano usitokee, na mkutano usiotokea hauhitaji shabaha.

Pili, kama baada ya hayo bado unaona haitoshi, usianze na kadogo. Anza na ya wastani, mikononi mwa mkufunzi, mpaka uchoke nayo. Kama huna muda wala fedha ya mazoezi, basi huna fedha ya bastola, hata kama unayo ya kuinunulia.

Tatu, mwambie mkeo kabla hujajaza fomu. Yeye atalala chumba kimoja na hicho kitu. Ukiona huwezi kumwambia, hapo ujue "kasikoonekana" ulikuwa unamkusudia nani.

Hilo la tatu ndilo lililomnyamazisha. Fomu hajachukua. Hajasema hatachukua. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe kwamba yeye na wenzake watatu wamekubaliana saa ya kuondoka Meatu, na kwamba mmoja wao bado anachelewesha wenzake kwa sababu ya bia.

Mimi nimebaki na mawazo yangu. Zamani kijiji kizima kilijua nani amebeba nini, na ukipigwa mwano kila mtu alitoka. Leo tumekuwa watu wa mageti na walinzi wa kukodi. Tukisikia kelele usiku tunazima taa, halafu tunashangaa kijana akitafuta kitu cha kumlinda peke yake, kidogo, ndani ya koti. Sehemu ya swali lake inatuelekea sisi. Kabla hatujamwambia aache bastola, ajue kwanza kama akipiga yowe usiku kwenye barabara ile ya kutoka Meatu, kuna mlango hata mmoja utakaofunguliwa.